SURA YA TISA: MBIO WAKATI WA JOTO

Katika masomo yaliyopita ulijifunza kwamba moyo husukuma damu, na kwamba mapafu huingiza hewa safi mwilini. Katika sura hii utajifunza jinsi viungo hivyo, pamoja na ngozi, vinavyofanya kazi mtu anapokimbia wakati wa joto. Utajifunza pia namna ya kukimbia kwa furaha bila kuhatarisha uhai wako wala wa mwenzako.

1. Mbio za masafa ya kati

Mbio za uwanjani ni za aina nyingi. Mbio za mita 100, 200 na 400 huitwa mbio fupi. Mbio za mita 800 na mita 1500 huitwa mbio za masafa ya kati. Mbio za mita 5000 na mita 10,000 ni mbio ndefu. Uwanja wa kawaida wa riadha una mzunguko wa mita 400. Basi, mkimbiaji wa mita 800 huuzunguka mara mbili, na mkimbiaji wa mita 1500 huuzunguka mara tatu na robo tatu.

Mkimbiaji wa mita 100 humaliza kazi yake kabla mwili haujapata moto sana. Mkimbiaji wa mbio ndefu hupunguza kasi ili afike mbali. Lakini mkimbiaji wa masafa ya kati hukimbia kwa kasi, na tena kwa dakika kadhaa. Kwa hiyo moyo wake, mapafu yake na ngozi yake vyote hufanya kazi kubwa kwa wakati mmoja.

Tanzania imepata sifa kubwa katika mbio hizi. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi mpya ya dunia. Rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka mwaka 1979.

Dakika 3 na sekunde 32.2 ni sawa na sekunde 212.2. Gawanya 1500 kwa 212.2. Utaona kwamba katika kila sekunde moja alikwenda mita 7 hivi. Pima mita 7 katika uwanja wenu, kisha tazama ni hatua ngapi zako.

New Zealand iko kusini sana mwa dunia, na Februari ni mwezi wa kiangazi huko. Hata hivyo, kiangazi cha Christchurch kwa kawaida si kikali kama Februari ya Dar es Salaam au Tanga, wakati upepo wa kaskazi unapovuma. Je, mtu akikimbia mita 1500 Tanga, saa 8 mchana, katika mwezi huo, mwili wake utapatwa na nini? Ili kujibu swali hilo, kwanza tuchunguze joto la mwili linatoka wapi.

2. Joto la mwili hutoka wapi?

Jaribio la 1: Mapigo ya moyo

Vifaa: Saa yenye mshale wa sekunde, daftari na kalamu.

Angalizo: Fanyeni jaribio hili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mwanafunzi mwenye homa, pumu, ugonjwa wa moyo au ugonjwa wa selimundu asikimbie. Yeye awe mshika saa.

Jinsi ya kufanya:
(a) Kaa kimya kwa muda wa dakika tano.
(b) Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Tafuta mahali unapopiga mshipa.
(c) Hesabu mapigo kwa sekunde 15. Zidisha kwa 4 ili upate mapigo ya dakika moja.
(d) Zunguka uwanja wa shule mara moja kwa mbio za wastani.
(e) Hesabu tena mapigo mara tu unaposimama.
(f) Hesabu kwa mara ya tatu baada ya kupumzika dakika tano.

Andika majibu yako katika daftari, hivi:
Kabla ya kukimbia: mapigo ...... kwa dakika
Mara baada ya kukimbia: mapigo ...... kwa dakika
Baada ya kupumzika dakika tano: mapigo ...... kwa dakika

Umeona nini? Watoto wengi wa umri wako, wakiwa wamekaa kimya, huwa na mapigo kati ya 70 na 100 kwa dakika. Baada ya kukimbia, mapigo huongezeka sana. Sasa gusa uso wako. Je, una joto kuliko kabla ya kukimbia? Je, umetoka jasho?

Sababu yake ni hii. Chakula ulichokula, kiwe ugali, wali, muhogo au ndizi, huupa mwili nguvu. Damu huchukua chakula kilichosagika pamoja na oksijeni, ikavipeleka katika misuli. Humo chakula huunguzwa polepole, bila moto wa kuonekana, na nguvu hupatikana. Lakini si nguvu yote inayokupeleka mbele. Tukiigawa katika mafungu manne, fungu moja tu hivi ndilo linalosogeza miguu. Mafungu mengine matatu hugeuka kuwa joto.

Mwili wa mtu mwenye afya una joto la nyuzi 37 hivi za Sentigredi (37°C). Mtu anapokimbia kwa nguvu, misuli yake hutoa joto jingi sana. Kama joto hilo lisingepata njia ya kutoka, mwili wake ungepanda kiasi cha nyuzi moja kwa kila dakika tano hivi. Ukipita nyuzi 40, ubongo na viungo vingine vya ndani huweza kudhurika. Kwa hiyo ni lazima joto litoke.

Gari nalo hutoa joto, ndiyo maana lina rejeta ya kupoza injini. Mwili wako una rejeta gani?

3. Damu moja, kazi mbili

Rejeta ya mwili ni ngozi. Damu inapopita katika misuli hupata joto. Kisha moyo huisukuma mpaka karibu na ngozi. Hapo mishipa midogo ya damu hutanuka, na joto hutoka nje kwenda hewani. Ndiyo sababu mtu anapokimbia ngozi yake huwa na joto, na watu wengine uso huwaiva.

Sasa fikiri vizuri. Misuli inataka damu nyingi ili ipate oksijeni. Ngozi nayo inataka damu nyingi ili itoe joto. Lakini damu ni ile ile moja, na moyo ni ule ule mmoja. Siku ya baridi hakuna taabu, kwa sababu ngozi hutosheka na damu kidogo. Siku ya joto kali ngozi hudai damu nyingi, na misuli hubakiwa na damu pungufu. Moyo hujitahidi kupiga haraka zaidi ili kutimiza kazi zote mbili.

Kwa hiyo mkimbiaji yule yule, katika uwanja ule ule, huchoka mapema zaidi siku ya joto. Hilo si uvivu wala si woga. Ni mwili unaojilinda. Usimcheke mwenzako anayepunguza mwendo au kusimama wakati wa joto. Huenda ameusikiliza mwili wake vizuri kuliko wewe.

4. Jasho na mtungi

Katika ngozi mna tezi nyingi sana za jasho. Tezi hizi hutoa maji yenye chumvi kidogo kupitia vitundu vidogo vya ngozi. Watu wengi hudhani kwamba jasho hupoza mwili kwa sababu ni maji. Je, ni kweli?

Tazama mtungi wa udongo nyumbani. Maji ya mtungini ni baridi hata siku ya jua kali, ingawa hakuna aliyeyatia barafu. Ukiugusa mtungi kwa nje utaona una unyevunyevu. Maji kidogo hupenya katika vitundu vya udongo, yakafika nje, yakageuka mvuke na kwenda hewani. Ili yageuke mvuke yanahitaji joto, na joto hilo huyatoa katika mtungi wenyewe na maji yaliyomo. Kwa hiyo maji yanayobaki hupoa.

Jaribio la 2: Chupa mbili

Vifaa: Chupa mbili zinazolingana, maji, kitambaa cha pamba, kipimajoto.

Jinsi ya kufanya:
(a) Jaza chupa zote mbili maji kutoka ndoo moja.
(b) Funga kitambaa kilicholoweshwa maji kuzunguka chupa moja. Chupa ya pili iache wazi.
(c) Ziweke zote kivulini, mahali penye upepo.
(d) Kitambaa kikianza kukauka, kiloweshe tena kwa maji ya ndoo ile ile.
(e) Baada ya saa moja, pima joto la maji ya kila chupa. Kama hamna kipimajoto, gusa maji kwa kidole.

Ni chupa ipi yenye maji baridi zaidi? Ni kwa sababu gani?

Ngozi yako hufanya kazi kama mtungi. Jasho linapogeuka mvuke, huchukua joto la mwili. Tena huchukua joto jingi. Joto linalohitajika kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke ni zaidi ya mara tano ya joto la kuyapandisha maji hayo kutoka nyuzi 0 mpaka nyuzi 100 za Sentigredi. Basi, hata jasho kidogo likikauka juu ya ngozi huondoa joto kubwa.

Lakini angalia neno hili: likikauka. Jasho linalodondoka chini halijageuka mvuke juu ya ngozi, kwa hiyo limepotea bure. Mwili umepoteza maji, lakini haukupoa.

5. Hewa kavu na hewa yenye unyevu

Jaribio la 3: Vitambaa viwili

Vifaa: Vitambaa viwili vinavyolingana, kamba ya kuanikia, ndoo yenye kifuniko, maji.

Jinsi ya kufanya: Lowesha vitambaa vyote viwili, kisha uvikamue. Kimoja kianike kwenye kamba, kivulini, mahali penye upepo. Cha pili kiweke ndani ya ndoo, bila kukikunja, kisha ifunike. Vitazame baada ya saa mbili.

Kitambaa cha kwanza kimekauka, au kinakaribia kukauka. Cha pili bado kimelowa. Hewa ya ndani ya ndoo imejaa mvuke, haiwezi kupokea mvuke mwingine.

Jasho nalo ni vivyo hivyo. Dodoma, katika miezi ya kiangazi, hewa ni kavu. Jasho hukauka upesi, hata pengine mkimbiaji hajui kwamba ametoka jasho. Hatari yake ni kupoteza maji bila kujua. Pwani, kama vile Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Zanzibar, hewa ina unyevu mwingi utokao baharini. Huko jasho hutiririka, nguo hulowa, na mwili haupoi upesi. Hatari yake ni kwamba joto hubaki mwilini. Kwa hiyo usitazame kipimajoto peke yake. Uliza pia: je, hewa ina unyevu? Je, kuna upepo?

6. Kuuzoeza mwili

Mwili huweza kuzoea joto. Tuseme mwanafunzi wa Njombe, ambako kuna baridi, amekwenda kwa ndugu zake Tanga mwezi wa Januari. Akikimbia siku ile ile aliyofika, atapata taabu. Lakini akianza kwa mbio fupi na za polepole, akaongeza kidogo kidogo kila siku, mwili wake hubadilika katika muda wa wiki moja hadi mbili. Huanza kutoka jasho mapema zaidi, hutoa jasho jingi zaidi, na jasho hilo huwa na chumvi pungufu. Moyo wake nao hupiga polepole zaidi kwa kazi ile ile. Haba na haba hujaza kibaba.

7. Jinsi ya kukimbia wakati wa joto

Chagua wakati. Wakati mzuri ni asubuhi mapema, au jioni baada ya saa 11 jua linapopunguza ukali. Usikimbie mbio za kasi kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri wakati wa joto kali.

Vaa nguo zinazofaa. Nguo nyepesi, zisizobana, za rangi nyeupe au nyingine isiyokoza, huruhusu upepo kufika kwenye ngozi. Usivae sweta ili utoke jasho jingi. Jasho hilo halitakupa kasi.

Kunywa maji. Kunywa kabla ya mbio na baada ya mbio. Siku ya mazoezi marefu, kunywa kidogo kidogo katikati ya mazoezi pia. Tazama rangi ya mkojo wako. Mkojo wa manjano iliyokoza ni dalili kwamba mwili unahitaji maji. Watu wengine husema kwamba mkimbiaji shupavu hanywi maji mazoezini. Maneno hayo si ya kweli. Lakini pia usinywe kupita kiasi mpaka tumbo lijae. Chakula cha kawaida chenye chumvi kidogo hurudisha chumvi iliyotoka na jasho.

Gawa nguvu zako. Tuseme wanafunzi wawili wanashindana mita 800 siku ya joto. Wa kwanza anaanza kwa kasi kubwa. Mzunguko wa kwanza anautimiza kwa sekunde 80. Mwili wake unapata moto, misuli inapungukiwa na oksijeni, na mzunguko wa pili unamchukua sekunde 112. Wa pili anakimbia kila mzunguko kwa sekunde 94. Jumlisha uone nani ameshinda. Filbert Bayi aliweza kuongoza tangu mwanzo kwa sababu alikuwa amejizoeza kwa muda mrefu. Wewe unayekimbia kwa kujifurahisha anza kwa mwendo unaoweza kuumaliza.

Usisimame ghafla. Ukimaliza, tembea kwa dakika chache. Miguu inayotembea huisaidia damu kurudi moyoni. Ukisimama ghafla, damu huweza kubaki miguuni, nawe ukashikwa na kizunguzungu. Kisha nenda kivulini.

8. Dalili za hatari

Joto likimzidi mtu, mwili hutoa onyo. Jifunze dalili hizi kwa moyo:
(a) misuli ya miguu au ya tumbo kukaza kwa maumivu;
(b) kichwa kuuma na kizunguzungu;
(c) kichefuchefu au kutapika;
(d) udhaifu wa ghafla, au kuhisi baridi na kutetemeka wakati wa jua;
(e) kuyumba, kuchanganyikiwa, au kujibu maswali ovyo;
(f) kuanguka na kuzimia.

Ukipatwa na dalili yo yote kati ya hizo, acha kukimbia mara moja. Usingoje kumaliza mzunguko. Mbio nyingine zitakuwapo kesho.

Ukiona mwenzako anayumba, amechanganyikiwa au ameanguka, jua kwamba uhai wake umo hatarini. Fanya hivi:
1. Piga kelele kumwita mwalimu au mtu mzima mwingine.
2. Mpelekeni kivulini. Mlegezeni nguo na mumvue viatu.
3. Mmwagieni maji mwili mzima, hasa kichwani, shingoni na makwapani. Msingoje maji ya barafu. Maji ya kisima au ya bomba yanafaa.
4. Mpepeeni kwa kanga, daftari au kipande cha boksi. Mnakumbuka chupa yenye kitambaa? Maji na upepo pamoja hupoza upesi.
5. Kama yu macho na anajibu vizuri, mpeni maji anywe kidogo kidogo. Kama amezimia au amechanganyikiwa, msimnyweshe kitu cho chote, maana maji yanaweza kuingia mapafuni. Aliyezimia mlazeni ubavu.
6. Apelekwe zahanati haraka. Endeleeni kumpoza mpaka gari lifike, na hata njiani.

Msimfunike blanketi. Msikubali akae peke yake. Mtu aliyezidiwa na joto huweza kupona akipozwa mapema, na kila dakika ina thamani.

Mambo ya kukumbuka

1. Sehemu kubwa ya nguvu inayotumiwa na misuli hugeuka kuwa joto.
2. Damu hubeba joto kutoka katika misuli hadi kwenye ngozi.
3. Jasho hupoza mwili linapogeuka mvuke, si linapodondoka.
4. Hewa yenye unyevu huzuia jasho kukauka.
5. Mwili huzoea joto kidogo kidogo, kwa wiki moja hadi mbili.
6. Mwenye dalili za hatari huacha kukimbia, na wenzake humsaidia.

Maswali

1. Taja mbio mbili za masafa ya kati.
2. Eleza kwa nini mapigo ya moyo huongezeka mtu anapokimbia.
3. Joto la kawaida la mwili wa mtu ni nyuzi ngapi za Sentigredi?
4. Mtungi wa udongo na ngozi ya mtu vinafananaje?
5. Kwa nini mkimbiaji wa pwani hutiririkwa na jasho, lakini mwili wake haupoi upesi?
6. "Damu moja, kazi mbili." Eleza maana ya maneno haya.
7. Katika mfano wa mbio za mita 800, mwanafunzi wa pili alimshinda wa kwanza kwa sekunde ngapi?
8. Kwa nini si vizuri kumnywesha maji mtu aliyezimia?
9. Rafiki yako anataka kukimbia ingawa ana homa. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?

Kazi ya kikundi

Kwa muda wa siku tano, pimeni joto la hewa kivulini saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 11 jioni. Andikeni pia kama kuna upepo, na kama vitambaa vilivyoanikwa vinakauka upesi au polepole. Baada ya siku hizo tano, jadilianeni darasani: ni saa ngapi inayofaa kufanya mbio za mita 800 za darasa lenu? Mwelezeni mwalimu sababu zenu. Akikubali, pangeni siku, wekeni ndoo ya maji safi na vikombe kivulini, chagueni wanafunzi wawili wa huduma ya kwanza, kisha mkimbie.